Sifa za Sidii ya Uokozi

Watu wamesifiwa sana, wengine kwa malipo. Leo nataka kusifu kitu ambacho hakijanilipa chochote, na kimenidhulumu usingizi wa siku tatu: sidii ya kuokolea kompyuta iliyogoma kuwaka. Upana wake ni sentimita 12, kama dada zake wengi tangu walipoanza kuuzwa Japani mwaka 1982. Ina tundu katikati, na juu yake jirani yangu ameandika kwa wino mzito: REPEA, USIPOTEZE. Sikuipoteza. Yenyewe ndiyo iliyonipoteza mimi.

Kisa kilianza Jumatano. Kompyuta yangu mpakato, ile tunayoipakata mapajani kama mtoto, iligoma kuamka siku tatu kabla ya mkutano wa kikoba chetu. Mimi ndiye mweka hazina. Ndani yake mna hisa, mikopo, mfuko wa jamii na faini za wachelewaji. Kioo kilibaki cheusi, na kwenye pembe ya juu kijistari cheupe kikawa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kama kinanikonyeza. Jirani akaja na sidii yake. “Weka hii, kaka. Itajitengeneza yenyewe.”

Nizipitie haraka fadhila ndogo. Sidii hii haili, haikopi, haichelewi vikao. Ukichoka kuingoja unaweza kujitazamia ndevu humo. Wenzake mama yangu huwatundika shambani kufukuza ndege wasimalize mtama, na huko, nakiri, hufanya kazi siku ya kwanza bila maswali.

Lakini fadhila yake kuu, ambayo naomba nikae nayo, ni adabu.

Kwanza, haimpiti mtu kwenye foleni. Kila kompyuta ina orodha ya nani atangulie kuiamsha: diski ngumu, flashi, mtandao, sidii. Kwangu sidii ilikuwa ya mwisho. Mbele yake ilisimama diski ngumu, mgonjwa asiyepona wala kufa: inaanza kuamka, inakwama mlangoni, na aliyekwama mlangoni hapishi mtu. Sidii ikangoja nyuma yake kimya hadi alfajiri. Kuiruka orodha hiyo kuna kitufe chake, na kila kiwanda kimejichagulia cha kwake. Wa Dell hubonyeza F12, wa HP Esc halafu F9, wa Asus Esc peke yake, na wote sharti wakibonyeze katika ile sekunde moja au mbili baada ya kuwasha. Changu hakikuandikwa popote. Nilivipitia vitufe vyote kimoja kimoja, kama mpiga kinanda wa taarabu aliyesahau wimbo mbele ya bibi harusi.

Pili, haiingii mahali bila barua ya utambulisho. Kompyuta zilizotoka tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, zina mlinzi langoni. Kabla mfumo haujaamka, hukagua sahihi ya kidijitali ya yule anayekuja kuuamsha, na asipoitambua, mgeni hapiti. Kazi yake ni ya maana, kwa sababu vipo virusi vinavyojificha palepale pa kuamkia, kabla programu ya kuviua haijafumbua macho. Ila sidii ya jirani ilizaliwa kwenye mashine ya Windows 7, kabla mambo ya sahihi hayajaja. Ikawa kama mtu aliyekwenda benki bila barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: mtaa mzima unamjua, lakini hana muhuri. Alhamisi yote nilikuwa namtafuta mlinzi huyo alipo, hadi nikamzima.

Ndipo nikafika kwenye kilele cha adabu yake. Sidii ikazunguka, ikavuma, na juu ya kioo ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza wenye maana hii: bonyeza kitufe chochote ili kuwasha kwa sidii. Kisha nukta. Kisha nukta ya pili. Ya tatu. Hiyo, ndugu msomaji, ni hodi. Sisi tunajua kwamba mgeni mstaarabu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi zake bila kinyongo. Sidii imetuzidi: yenyewe hupiga tano, kila moja sekunde moja, ndipo huondoka. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni nachemsha chai. Mara ya pili niliitika kabla ya hodi, na kompyuta ikanilipua kwa mlio. Mara ya tatu umeme ulikatika, na betri yangu siku hizi haina nguvu hata ya kuitika salamu.

Wala msidhani adabu hii imejiotea tu. Kanuni za jinsi sidii inavyoiwasha kompyuta ziliandikwa mwaka 1995 na wataalamu wa kampuni za Phoenix na IBM. Zinaitwa El Torito, na inasimuliwa kwamba hilo ni jina la mgahawa wa Kimexico huko California walikokaa kuzijadili. Kwa kanuni hizo sidii inaruhusiwa kujifanya flopi, ili kompyuta iliyozoea flopi isishtuke. Yaani mwenye nafasi ya megabaiti 650 anajitambulisha mlangoni kuwa ana 1.44. Nionyesheni kiongozi mmoja anayejua kujishusha namna hiyo akifika kwa watu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane kasoro, nikaiwahi hodi. Karibu! Faili zikaanza kupakiwa. Mstari mweupe ukatambaa kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo wa konokono. Nilihesabu dakika kumi na mbili, mbu wananila miguu, shingo imekakamaa. Ukafika mwisho. Kikaja kisanduku kikanieleza, kwa lugha ya heshima, kwamba chombo hiki hakilingani na toleo la Windows ninalotaka kulitengeneza.

Hakilingani! Si ungesema mlangoni? Siku tatu nimepanga foleni, nimetafuta barua, nimeitikia hodi kwenye giza, na wewe ulijua tangu ulipochongwa kwamba mimi si mteja wako! Kazi yenyewe unayo moja tu duniani, moja!

Samahani. Nimepandisha sauti, na mwenye kusifu hapandishi sauti.

Na kwa haki, wa kulaumiwa si sidii. Imefuata nyayo za wakubwa zake. Zamani ukinunua kompyuta, sidii za mfumo zilikuwa ndani ya boksi. Siku hizi mna chaja na kijitabu cha lugha kumi ambacho hakisemi kitu kwa lugha yoyote. Dawa yenyewe wameiweka kwenye kipande kilichofichwa cha diski ngumu, humohumo kwenye kiungo ambacho ndicho huumwa. Ni sawa na nahodha anayefungia maboya yote ngamani, chini kabisa: jahazi likizama, maboya yanatangulia. Niliwapigia huduma kwa wateja wa waliotengeneza mashine yangu. Dada mwenye sauti ya asali akanielekeza niingie kwenye tovuti yao, nijaze namba ya mashine, nipakue kifaa cha uokozi. Nikauliza niingie kwa kutumia nini.

“Kwa kutumia kompyuta yako, kaka.”

Nilipokata simu ndipo nikang'amua kwamba jibu lile nimelisikia maisha yangu yote. Umepoteza kitambulisho? Njoo na kitambulisho tukuhudumie. Umesahau nywila? Tumekutumia namba kwenye simu yako, ile iliyoibwa. Cheti kimeungua? Ambatisha nakala yake iliyothibitishwa. Huna kitu ndiyo maana unataka mkopo? Vizuri, leta dhamana. Kote huko msaada upo. Umebandikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, chini ya maneno “mkataba wa huduma kwa mteja”, na unawafikia upesi sana wale wasiouhitaji. Foleni ipo, barua ipo, hodi ipo. Tofauti ni kwamba ofisini mwenye shida ndiye anayepiga hodi, na nukta moja huweza kuwa mwezi. Na baada ya nukta ya tano ndipo unaambiwa, bila mtu kukuinulia uso, kwamba jambo lako ni la dirisha namba nne.

Jumamosi asubuhi niliipeleka kompyuta kwa fundi Kariakoo. Kwanza alitaka “kupiga Windows upya”, maneno ambayo kwa lugha ya kawaida maana yake ni kufuta kila kitu. Nikamshika mkono. Basi akafungua skrubu, akaitoa diski mgonjwa, akaichomeka kwa waya kwenye mashine yake kama mtu anayemnyonyesha mtoto wa jirani, na hesabu zetu zikajitokeza. Hakuuliza barua. Nilimlipa shilingi elfu ishirini.

Zilipona zote isipokuwa za mwezi wa mwisho, mahali ambapo diski ilikuwa imekwisha kuoza. Mkutanoni niliinuka kutoa maelezo yangu, nimeyapanga vizuri, yana megabaiti na California. Mwenyekiti wetu, mama wa makamo asiyewahi kugusa kompyuta, akaniacha nifike katikati, kisha akatoa mkobani kaunta buku lenye madoa ya mafuta ya taa. Mwezi wote ulikuwamo, kwa mkono wake, hadi faini ya mwisho. “Mimi huandika pembeni, mwanangu,” alisema. “Umeme wetu tunaujua.” Halafu akanitoza elfu mbili kwa kuchelewa kikao, na kuniamuru niiandike mwenyewe.

Kwa hiyo msomaji ambaye mashine yako bado inawaka, leo nakili mafaili yako kwenye flashi, na flashi hiyo usiitie kwenye begi moja na kompyuta. Nawe uliyeketi nyuma ya dirisha: mtu akija na jambo lisilo lako, mwambie akiwa bado mlangoni.