Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa PF3

Mheshimiwa Fomu Namba Tatu ya Polisi,

Tunakuandikia sisi tunaookota majeruhi kwa bodaboda, kwa bajaji na kwa migongo yetu kati ya Segera, Muheza na Tanga mjini. Tunafahamu fika kwamba pasipo wewe mtu hawezi kuvuja damu kihalali.

Kuna jambo linatutatiza. Mama akishikwa na uchungu kijijini usiku, ndugu hupiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, mfumo wa m-mama humwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa kazi yake. Maana yake serikali imeshakubali, na fedha imetoa, kwamba roho ya mtu yaweza kukabidhiwa mwenye teksi. Sasa dereva huyohuyo, kesho yake, amwokote aliyegongwa pale Hale. Swali la kwanza mapokezi ya hospitali ni PF3 iko wapi. La pili, nani kamgonga. La tatu, mbona kiti cha pikipiki kina damu. Kina damu kwa sababu majeruhi alikaa hapo, Mheshimiwa, kabanwa katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia asidondoke, na kwa kosa hilo la mshikaki trafiki naye ana neno lake. Watu wa Tanga husema waja leo waondoka leo. Aliyeleta majeruhi huja leo, kuondoka ni mpaka mpelelezi arudi kutoka chakula cha mchana.

Wapo watakaotuambia kwamba una kazi yako: bila wewe jambazi mwenye risasi begani angetibiwa akaenda zake, na aliyegongwa angekosa ushahidi wa kudai fidia. Kweli kabisa, na hatuombi ufutwe. Tunachouliza ni kwa nini utangulie sindano. Jambazi aliyelazwa na dripu mkononi hakimbii, tena maelezo yake huwa na mpangilio kuliko ya maiti. Viongozi wenyewe wametamka zaidi ya mara moja kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Matamko hayo, inaonekana, nayo yanasubiri PF3. Wengine watasema bodaboda hajui kubeba mtu aliyevunjika. Afundishwe basi! Mwanza walishafundishwa huduma ya kwanza, wakawa wanaitwa kwenye ajali kwa simu.

Kwa kuwa kukuweka nyuma ya matibabu kumeshindikana, tunaomba utangulie ajali yenyewe. Kila abiria pale stendi ya Kange apewe PF3 pamoja na tiketi, na konda aigonge muhuri juu ya buti la basi. Jina na umri vijazwe kabla ya safari. Kwenye nafasi ya jeraha abiria achague mapema, mguu, mbavu au kichwa. Anayesitasita aandike “mchanganyiko”. Wa siti ya mbele apewe nakala mbili. Muuza korosho anayepita madirishani auze na kalamu. Sisi bodaboda tupewe kidau cha wino badala ya glavu, maana glavu zenyewe hazijawahi kufika. Basi likipinduka Mkata, tutampekua majeruhi mfukoni, tutajaza saa ya tukio, kisha tutamwomba aweke dole gumba, na siku hiyo hata kidau hakitahitajika, wino utakuwa umetapakaa lami nzima.

Utuwie radhi, Mheshimiwa, ulimi umeteleza.

Ila Januari 2025, Chang'ombe ya Segera, watu 11 walikufa baada ya lori kuwavamia kwenye eneo la ajali nyingine, wakiwemo waliokimbilia kutoa msaada. Salamu za rambirambi zilifika upesi kuliko koni yoyote ya barabarani. Anayesaidia akifa anaitwa shujaa. Akinusurika anaitwa kaunta ya polisi, avue mkanda na viatu, aeleze vizuri alikuwa anafanya nini pale.

Maombi mengine ni madogo: damu iandikiwe waraka isubiri saa za kazi, na benchi la kaunta liwekewe mto.

Ni sisi mashahidi wako, au watuhumiwa, utakavyoona inafaa kujaza.