Wiki Moja na Shokapu Nne

Jumamosi
Lori langu la rimoti lina vumbi hadi ndani ya mota. Ni la kipimo cha moja kwa kumi, na kwenye michanga ya Bausher, hapa Maskati, kila likiruka hutua kwa tumbo. Mtoto wa ami anasema shokapu za mbele ni laini. Husema hivyo kila linapotokea jambo. Alisema hivyo hata siku betri ilipokwisha. Amezikaza ringi za springi hadi mwisho wa nyuzi. Lori limesimama wima kama askari wa gwaride, kisha limeruka na kutua kwa tumbo.

Jumapili
Kukaza ringi hakubadilishi ugumu wa springi. Springi imetoka kiwandani na ugumu wake. Ringi inanyanyua tu kimo cha gari. Nimemweleza mtoto wa ami kwa simu. Kasema kaelewa vizuri, kisha kauliza kama nimejaribu kukaza zaidi.

Nimezilegeza. Kipimo cha kimo ni rahisi: unaliachia gari lianguke kutoka kiasi cha shubiri moja, likitulia utazame ile mikono inayobeba magurudumu. Ikilala karibu sambamba na sakafu, basi. Jirani wa ghorofa ya chini amepanda kuuliza tunahamisha nini usiku huu.

Jumatatu
Nimefungua shokapu ya kwanza. Springi kazi yake ni kubeba uzito. Anayeizuia isidunde ovyo ni pistoni iliyo ndani, yenye vitundu, ikilazimika kupita kwenye mafuta ya silikoni. Vitundu vikiwa vipana, au mafuta yakiwa mepesi, shafti hukimbia. Vikiwa vyembamba sana, mafuta hayawahi kupita lori linapotua kwa kishindo, na shokapu inakuwa gongo. Mafuta yangu yalitakiwa yawe maangavu. Yametoka ya kijivu.

Pistoni hushikwa na klipu ya chuma yenye umbo la herufi E, ndogo kuliko punje ya mchele. Imeruka. Nimepitisha sumaku chini ya makochi mpaka Isha. Sumaku imeleta sindano ambazo Bibi alishazisamehe tangu Ramadhani, na skrubu isiyo ya kitu chochote ndani ya nyumba hii. Klipu aliiona Mama, kwenye sahani ya halwa. Kauliza kama inaliwa.

Jumanne
Nimenunua mafuta mazito zaidi. Chupa moja imeandikwa 40, nyingine ya kiwanda kingine imeandikwa 500, na muuzaji anasema ni mamoja. Huenda kweli: ile 40 ni namba ya uzito wa mafuta, na 500 ni sentistoki, kipimo cha kweli cha unene wake. Kwa jedwali la Team Associated, 30 ni sentistoki 350, na 40 ni 500. Tabu ni kwamba namba za uzito hazilingani kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo mwenye akili hununua kwa sentistoki. Nimemweleza Mama haya yote. Mama amefanya kazi benki maisha yake. Ameichukua risiti akaisoma upya.

Jumatano
Shokapu hujazwa mpaka ukingoni, kisha pistoni inashushwa na kupandishwa taratibu ili viputo vipande juu. Halafu unaziacha zisimame zenyewe mpaka viputo viishe. Shokapu haisimami yenyewe. Inasimama ndani ya finjani, na finjani za Bibi zina kimo barabara.

Wageni wamekuja bila taarifa. Mtu kaziondoa shokapu, kazirudisha finjani kwenye sinia. Mzee mmoja ameisifia kahawa kwa mng'ao wake kabla Mama hajampokonya. Silikoni ya jamii hiyo ndiyo iliyomo pia kwenye dawa za kuondoa gesi tumboni, lakini hayo si maneno ya kumwambia mgeni mlangoni.

Alhamisi
Shokapu mbili za ekseli moja lazima zifanane. Zisipofanana, gari hutua likiinama upande mmoja. Ya kushoto inalia chwi, chwi. Ina hewa. Mafuta hayabonyezeki, hewa hubonyezeka, na shokapu yenye hewa hubadilisha tabia katikati ya safari. Nimerudi kuchukua chupa. Imebaki nusu. Bibi ameipaka cherehani yake, ile aliyokuja nayo kutoka Unguja, na anasema haijawahi kuwa tulivu hivi. Ameuliza ikiwa kuna ya namba kubwa zaidi.

Nimejaza kwa kilichobaki. Usiku kucha nimepima sebuleni, kiyoyozi kikiwa nyuzi 20. Mwendo ulikuwa mzuri sana. Jirani hakupanda, alipiga simu.

Ijumaa
Baada ya chakula tumekwenda Bausher. Joto lilikuwa juu ya nyuzi 40, na mafuta ya silikoni huwa mepesi kadiri yanavyopata moto, ingawa si kama mafuta ya injini. Mafuta yaliyosifiwa sebuleni huku nje ni mtu mwingine. Kwa hiyo nashauri: anayeishi Ghuba azipime shokapu zake nje, jua likiwapo, au aanze na mafuta mazito kidogo kuliko anayoyapenda nyumbani.

Mtoto wa ami kaja na Lunch Box, kile kigari cha manjano ambacho Tamiya walikitoa kwa mara ya kwanza 1987. Shokapu zake hazina tone la mafuta, ni springi na msuguano tu. Kinaruka, kinadunda, kinanyanyua pua, na mwenyewe anacheka muda wote. Hajawahi kupoteza klipu.

Lori langu limeruka tuta kubwa, likatua kwa magurudumu manne, likatulia palepale bila kudunda. Mtoto wa ami kanyamaza. Kisha gurudumu la nyuma la kulia likaendelea na safari peke yake.

Nati yake ni ya milimita 4, rangi ya fedha, ina pete ya nailoni kwa ndani. Iko upande wa mashariki wa tuta kubwa. Atakayeiokota, tafadhali aniletee. Ninayo shokapu ya akiba ya kumpa.