Namna ya Kuiona Kalsiamu Bila Kuwasha Taa

Kwanza, zima taa. Zima zote, hata kile kitaa chekundu cha kompyuta, kisha ziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa cheusi. Anayetaka kuona ioni ndani ya seli hai kwa mwanga wa viumbe hana adui kumshinda mwanga wa bure.

Wenzako wa chumba cha pili watakucheka. Wao wana leza: wanaimulika seli, rangi waliyoitia inang'aa, picha inatoka papo hapo. Waache wacheke. Leza huichosha seli, huififisha rangi, na huamsha mng'ao hata kwenye vitu visivyotakiwa. Na siku watakapotaka kuchunguza retina, ambayo kazi yake ni kuuhisi mwanga, wataimulikaje bila kuisumbua?

Pili, tafuta konyeza. Mmoja hatoshi. Mwaka 1961 watafiti Osamu Shimomura na Frank Johnson walitoka Princeton hadi Friday Harbor, jimbo la Washington nchini Marekani, wakavua konyeza wa aina ya Aequorea wapatao 10,000 katika kiangazi kimoja. Kila konyeza alikatwa ukingo wa mwavuli wake, maana ndiko mwanga unakotoka, na kingo zikakamuliwa kwenye kitambaa. Baada ya jasho lote hilo, tarajia miligramu 5 hivi za protini safi. Usikate tamaa: hiyo ndiyo ekworini, na dunia nzima ya wanabiolojia iliingojea.

Tatu, mwaga. Shimomura alikuwa ameuzima mwanga wa maji ya konyeza kwa asidi. Alipoyamwaga kwenye sinki, sinki likalipuka kwa mwanga wa buluu, kwa sababu maji ya bahari yalikuwa yakitiririkia humo kutoka kwenye tangi. Mwingine angefurahia fataki zile akaenda kulala. Yeye aliuliza: maji ya bahari yana nini? Jibu likawa kalsiamu, na swali lile sichoki kulisifu. Wewe basi suuza vyombo vyako mpaka mikono ichoke, maana kalsiamu kidogo tu ya bombani itakumalizia hazina yote kabla hujaanza.

Nne, iingize ekworini kwenye seli, kisha uwe na subira. Ekworini hukaa kama mtego uliokwisha kutegwa: imeshika oksijeni na koelenterazini, ile molekuli inayotoa mwanga, inasubiri ioni za kalsiamu zije kuifyatua. Kila molekuli hufyatuka mara moja tu. Seli iliyotulia ina kalsiamu huru kidogo mno, karibu mara 10,000 pungufu ya iliyopo nje yake, kwa hiyo lango la kuingizia kalsiamu likifunguka mwanga hupanda ghafla. Mwaka 1977 watafiti Ridgway, Gilkey na Jaffe walionyesha jinsi kalsiamu inavyofumuka ndani ya yai la samaki medaka linaporutubishwa. Mwaka 1991 Marc Knight na wenzake waliipa mitumbaku jeni ya ekworini. Mche uliguswa, ukawaka. Ukapigwa na baridi, ukawaka. Mmea tunaoupita kila siku tukiudhani umezubaa!

Panya ni kazi nyingine. Damu yake huumeza mwanga wa buluu, ndiyo maana mafundi wa leo huchukua kimeng'enya cha kamba wa kilindini, Oplophorus, chenye mwanga mkali zaidi, kisha huusukuma mwanga huo kuelekea wekundu, ambao hupenya nyama vizuri. Zinki nayo imeshapata vihisi vya namna hiyo. Ila panya hajui kutengeneza koelenterazini. Mdunge wewe, funga sanduku jeusi, na uanze kuhesabu fotoni mara moja, kabla dawa hiyo haijaisha mwilini mwake.