Inaingia Hiyo Hiyo

Wanaomlaumu fundi wa saa hawana shukrani. Mtu wa Munje anapeleka Ukunda Seiko 6139 ya marehemu babu yake, saa ya kupimia mbio ya toleo la 1969, ndugu ya ile aliyoivaa mwanaanga William Pogue ndani ya Skylab mwaka 1973, halafu anadai spea ya namba ile ile! Ubaguzi gani huo? Matatu inakwenda Lunga Lunga na mlango wa gari jingine, na abiria wanafika. Basi fundi wetu, kwa moyo wa ujirani, katia akrabu ya saa ya kike, na kitufe cha kusimamishia sekunde kakigandisha kwa supaglu. Sasa maji hayaingii kabisa. Wala kidole hakibonyezi.

Huko Uswisi kuna viwanda vyenye huruma zaidi: havimuuzii vipuri fundi asiye na idhini yavyo, visije vikamchosha kwa kazi.

Wetu hana makuu. Ukimuuliza spea halisi, anakujibu, "Iko njiani, bwana, yaja na meli." Meli gani, hasemi, na saa ya kuihesabia safari anayo yeye, imesimama saa sita kasorobo.