Njoo, Mzee, Njoo!

Mjomba wangu alipostaafu hakununua shamba kama wenzake. Aliagiza Hiace kutoka Japani yenye kitanda, sinki na jiko la gesi, akatangaza kwamba ataizunguka Tanzania yote bila kulipa gesti hata moja. Gari lilishuka bandarini likiwa zima, tatizo lugha tu. Kila ukiliwasha, dada mmoja aliyejificha ndani ya dashibodi anakueleza kwa Kijapani, kwa adabu zote, kwamba hujachomeka kadi ya kulipia barabara za kwao. Mjomba alikuwa akimjibu, "Asante mama, na wewe pia."

Redio nayo ilianzia masafa ya 76 ikakata tamaa kwenye 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Njia nzima tulisikiliza injini.

Kitu kimoja tu kwenye skrini ya dashibodi kilituelewa: saa. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, na Mswahili naye huhesabu saa zake kwa tofauti hiyo hiyo. Ikitimu saa mbili asubuhi Dar, skrini inaandika 2:00 bila kusetiwa na mtu. Kosa lake lilikuwa kudai kwamba ni mchana.

Balaa lilikuwa kamera ya nyuma. Lenzi ilishapauka, ukiweka rivasi unaona ukungu wa Lushoto. Mjomba akalipeleka gari Gerezani kwa fundi aliyeahidi skrini mpya ya inchi 7 na kamera "inayoona hadi usiku," kazi ya nusu saa.

Saa kumi jioni viti vilikuwa bado nje. Kwenye gari lenye sinki, waya wa kamera lazima upite chini ya kitanda, uzunguke kabati, na ukikaribiana na nyaya za taa za ndani picha inaingia chenga. Chenga zilipoisha, picha ikawa imegeuka: muuza maji aliyesimama kushoto alionekana kulia. Fundi akasema hiyo ndogo, kuna kijiwaya cha kukata. Akakata. Muuza maji akabaki kulia, ila mistari ya kijani, njano na nyekundu ya kupimia umbali ikatoweka.

"Basi ni hiki kingine," alisema, kwa utulivu wa mtu ambaye gari si lake. Akakata cha pili, picha ikakaa sawa. Kile cha kwanza kilikuwa kimekatwa kwenye shina, hakina pa kuungia.

"Mistari ni ya wanaojifunza, mzee. Wewe ni dereva."

Safari ya kwanza ilikuwa Bagamoyo. Mjomba alitaka kuegesha chini ya mnazi. Akaweka rivasi, skrini ikawaka. Papo hapo wakatokea washauri ambao hakuna aliyewaita.

"Njoo, mzee, njoo! Kata kulia! Kulia kwako, si kwangu!"

Kila mmoja alisogea nyuma ya gari ili ashauri vizuri zaidi, hadi mnazi ukafichika kabisa. Kamera haikutuangusha: ilituonyesha, kwa rangi kamili, fulana ya mshauri mkuu. Mjomba akashusha kioo, akatoa kichwa nje, akarudi nyuma kwa kufuata kelele mpaka mtu akagonga bodi: "Hapo hapo!" Gari lilikaa pazuri mno.

Mshauri mkuu akaja dirishani. "Mzee, hata ya soda?"

Mjomba akatoa buku mbili bila ubishi, kisha akaninong'oneza kwamba angejua bei yao ndiyo hiyo, Gerezani asingekanyaga.