Kamasi Lisifiwe

Ukambani hakukosi vya kusifiwa. Embe la Makueni limejengewa kiwanda Kalamba. Ndengu za Kitui zilipigiwa debe na Charity Ngilu mwenyewe alipokuwa gavana. Asali ya Mwingi husafiri hadi Nairobi ikiwa na lebo shingoni, na kyondo cha mkonge kilipanda ndege zamani, kabla ya wengi wa wanawake wanaokisuka. Limebaki zao moja ambalo halijapata bodi, ruzuku wala siku ya maonyesho, ingawa halijamwangusha mtu hata mwaka mmoja. Vuli ikikatika Novemba na mahindi yakakauka yakiwa ya kufika magotini, lenyewe hustawi. Mvua ikizidi, hustawi zaidi. Halitaki mbolea. Ng'ombe hawalili, tumbili hawaliibi. Ni kamasi la mtoto mdogo.

Hata wahenga walilipita. Walimkumbuka mtoto anayenyea kiganja, wakaagiza kiganja kisikatwe; juu ya bega la mama lililopakwa kamasi asubuhi ya Jumapili, tayari kwa ibada, hawakuacha neno.

Bidii yake haina mfano. Mtoto wa chini ya miaka sita hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na kila mafua yanaweza kukaa siku kumi au zaidi. Piga hesabu: siku 60 hadi 80 za kazi, bila mapumziko ya Krismasi. Chanzo kikubwa ni rinovirusi, ambazo aina zake zinapita 100, hivi kwamba mtoto aliyeishinda moja mwezi wa Mei anazikuta dada zake zimepanga foleni Juni. Julai ukungu ukikalia milima ya Mbooni na Kilungu, pua hufunguka. Agosti upepo ukiinua vumbi la Mutomo na Ikutha, pua hufunguka tena kwa sababu nyingine. Wala kamasi halichagui. Mtoto wa diwani na mtoto wa mchimba mchanga wa mto Thwake huvuta kwa sauti ileile, na ulimi huchungulia nje kuonja kwa hamu ileile.

Wanaolidharau wajitazame kwanza. Pua na koo la mtu mzima huzalisha ute unaokaribia lita moja kwa siku, na karibu wote humezwa kimyakimya, pamoja na chai. Mtoto amekosa jambo moja: kuficha.

Sifa yake kubwa hata hivyo ni ya kijamii. Kwenye benchi la kliniki ya watoto, iwe Wote, Kibwezi au Kitui mjini, wanawake wawili wasiojuana wanaweza kukaa nusu saa bila salamu ya maana. Siasa ni hatari, bei ya unga inauma, mambo ya waume hayasemwi mbele ya wageni. Kisha mtoto mmoja anapiga chafya. Mara moja yule wa pembeni anainua ncha ya leso yake mwenyewe, anaifuta pua ambayo si ya mwanawe, na mkutano umefunguliwa. "Wako alianza lini?" "Tangu Jumatatu, Mama Kioko, na usiku hanyonyi." Hapo huja ushauri wa bure: mmoja anasema mtoto asiogeshwe jioni, wa pili anasema aogeshwe ila apakwe mafuta, wa tatu anaapa kwa majani ya mikaratusi yaliyochemshwa. (Huyo wa tatu asikilizwe kwa uangalifu, sufuria ya maji ya moto na mtoto mwenye mikono myepesi hawafai kuwa majirani.) Ushauri nusu yake ni kinyume cha nusu nyingine, na hakuna anayejali. Kufikia wakati daftari la chanjo linapoitwa, wameshajua mwenzao alijifungua wapi, mama mkwe ana tabia gani, na ni nani anayeuza mbuzi wa maziwa.

Akina baba nao kamasi limewafundisha. Yupo baba anayeweza kuzunguka nepi kwa miaka miwili kwa kisingizio cha shughuli za shamba. Kamasi halizungukwi. Linamfuata matatuni, linamkuta kanisani, linajichora kwenye mkono wa koti aliloshonesha kwa ajili ya harusi ya nduguye. Alama hiyo ikikauka hung'aa kama njia ya konokono, na waumini wa benchi la nyuma huisoma ibada nzima.

Kuna suala la kuliondoa. Mtoto mchanga hupumua hasa kwa pua katika miezi yake ya mwanzo, kwa hiyo pua iliyoziba humlazimisha kuachia titi kila baada ya mafunda mawili ili apate hewa, huku akilia kwa hasira ya haki. Susu, yaani bibi wa Kikamba, alilijua suluhisho kabla ya duka la dawa kufika kijijini: aliinama, akaweka mdomo puani, akavuta, akatema kando. Wasomi waliorudi likizo walikunja uso. Baadaye kampuni moja ya Uswidi ikatengeneza mrija wenye kichujio, ncha moja puani kwa mtoto, nyingine mdomoni mwa mzazi, na mrija huo ukauzwa duniani kote kama uvumbuzi. Susu hakulipwa hata senti.

Sayansi, kwa upande wake, ililiheshimu mapema. Mwaka 1921, katika hospitali ya St Mary's jijini London, daktari Alexander Fleming alikuwa na mafua. Badala ya kupenga na kusahau, alichukua ute wa pua yake akauweka kwenye sahani ya bakteria. Bakteria waliyeyuka. Alichokuwa amekigundua ni kimeng'enya cha lisozaimu, akakitangaza mwaka 1922, miaka sita kabla ya penisilini kumpa jina. Alikisaka pia kwenye machozi, na ili kuyapata aliwakamulia watu ndimu machoni. Kimo pia katika maziwa ya mama, kwa hiyo mtoto anayenyonya huku pua ikimtiririka anajaziwa dawa upande mmoja na kuimwaga upande wa pili. Ulimwengu ulimpa Fleming Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwa ajili ya penisilini. Kamasi, lililotangulia kumfungulia mlango, halikualikwa.

Hata rangi yake imesingiziwa. Likigeuka kijani, mzazi hukimbilia dukani kuomba antibiotiki, naye muuzaji hana sababu ya kumzuia. Ukijani huo hutokana na chembe nyeupe za damu zilizoingia vitani. Zina kimeng'enya chenye rangi hiyo, zikifa kwa wingi kinaonekana. Ni sare ya askari wa mtoto mwenyewe, na antibiotiki haziui virusi. Dawa za maji za mafua na kikohozi, zile tamu zenye picha ya mtoto anayecheka, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha tangu 2008 kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili. Kamasi halina ugomvi na hayo. Likipewa dawa huisha kwa wiki moja, lisipopewa huisha kwa siku saba.

Kinachosaidia kidogo kinapatikana palepale. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania waliwapa watoto wenye kikohozi asali wakati wa kulala, na wazazi wakasema usiku ulikuwa afadhali. Mwingi na Kibwezi zingeweza kusema hivyo bila utafiti. Ila mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvidhibiti. Hilo ni gumu kulisema mbele ya bibi aliyelea watoto tisa kwa kidole chenye asali, lakini linasemwa. Mtoto wa miezi mitano apewe titi, na matone ya maji ya chumvi puani. Tiba nyingine zinabaki za imani. Lipo jiwe la Nzambani karibu na mji wa Kitui, ambalo husimuliwa kwamba ukilizunguka mara saba unageuka jinsia. Wazazi wengi wangelizunguka mara kumi na nne, mtoto mgongoni, kwa ahadi ya pua kavu hadi Ijumaa.

Mavazi rasmi ya kamasi ni kitambaa kilichobanwa kwa pini kwenye sweta ya mtoto wa chekechea. Kila mtu mzima aliyepita huko anakikumbuka, na anakumbuka pia kwamba kilirudi nyumbani kisafi huku mkono wa sweta ukisimama wenyewe. Mwaka 2020 dunia ilipogundua hatari ya pua, kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, kilichoanza 2018 na kuzoea kushona sare, kiligeukia barakoa. Watu wazima wakafunikwa. Lakini Agosti mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakashauri kwamba mtoto wa miaka mitano kurudi chini asilazimishwe kuvaa. Kila mtu mwenye mtoto wa miaka miwili alikuwa ameshafikia uamuzi huo, baada ya kuiokota barakoa kwenye bakuli la uji.

Sehemu moja ya sifa hizi inasemwa bila mzaha. Kati ya 1971 na 1981 watafiti waliendesha Mradi wa Machakos, katika wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992. Wafanyakazi wake walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili wakiuliza habari za mama na mtoto, na miongoni mwa magonjwa waliyoyawinda ni surua na kifaduro. Hao ndio waliokuwa wafalme wa utoto wakati huo, na walitoza kodi ya makaburi. Mpango wa chanjo wa Kenya ulianza 1980. Chanjo ya nimokoko, mojawapo ya visababishi vikubwa vya nimonia, ikaongezwa Februari 2011. Wafalme wamesukumwa pembeni, na kamasi, ambalo halikuwahi kutaka kiti, limejikuta ndilo gumzo kuu la kliniki. Nyumba ambayo shida yake kubwa wiki hii ni kamasi ni nyumba iliyobahatika.

Tatizo lake ni marafiki linaotembea nao, maana nimonia hupenda kuingia nyuma yake. Ndiyo maana muuguzi humfunua mtoto kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huo si mwendo wa mafua. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu, au mtoto akikataa kunyonya kabisa, bodaboda iitwe bila kungoja asubuhi. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja waliokabidhiwa mikoba nchini mwaka 2023 hupita vijijini na hesabu hizo kichwani, nao mara nyingi hukaribishwa na pua kabla ya mwenye nyumba.

Kamasi pia ni mpelelezi, na hapa Kitui na Makueni zina kesi yao wenyewe. Ndengu zikishavunwa, Januari na Februari, huanikwa na kupurwa uani, na hakuna kitu duniani kilichopimwa vizuri kuingia tundu la pua ya mtoto wa miaka miwili kuliko ndengu. Huiingiza, huridhika, hunyamaza. Mzazi hajui lolote. Baada ya siku chache kamasi linaanza kutoka tundu moja tu, zito, lenye harufu mbaya, na lile la pili likiwa kavu. Mafua hayana upendeleo wa namna hiyo. Limekuja kushtaki.

Ndengu iliyolowa huvimba, kwa hiyo maji hayafai, na kibano mkononi mwa mjomba aliyejitolea huisukuma ndani zaidi. Mwaka 1965 daktari mmoja wa New Jersey, Vladimir Ctibor, alieleza njia ambayo baadaye iliitwa busu la mama. Mama anaziba kwa kidole tundu lisilo na kitu, anafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake mwenyewe kana kwamba anambusu, kisha anapuliza mara moja, kwa nguvu na kwa ghafla. Tathmini iliyochapishwa Canada mwaka 2012 ilikuta kwamba njia hiyo hufaulu takriban mara sita kati ya kumi, na wanaobaki huenda hospitali. Ikifaulu, mbegu hutoka kwa kishindo na kutua shavuni kwa mpulizaji, ikiwa imesindikizwa na kamasi lote la wiki hiyo. Mtoto hucheka, huomba irudiwe. Na mama mzoefu, kabla hajajifuta uso, huchungulia tundu la pili, halafu masikio.