Waraka kwa Mwenzangu wa Kinigi

Kaka yangu,

Natumaini ulifika Ulaya salama, na kwamba yale mafua yamekwisha. Nimeanza kuyaulizia kwa sababu ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa si wewe peke yako uliyepanda milima ya Virunga huku umekificha kikohozi.

Utaikumbuka asubuhi ile pale Kinigi, Rwanda, saa moja, ukungu bado umeufunika mlima Sabyinyo. Tulikuwa wageni 8, idadi ambayo kundi moja haliruhusiwi kuizidi. Mwongozaji alituuliza kwa upole kama kuna asiyejisikia vizuri. Ulinyamaza. Njiani kutoka Musanze ulikuwa umekohoa mpaka dereva akafungua dirisha. Mbele ya mwongozaji ukamung'unya pipi ya koo. Baadaye, tukikatiza mashamba ya viazi, uliniambia kwamba dola 1,500 za kibali hazitupwi kwa ajili ya mafua.

Uchungu wa fedha hiyo naujua. Watu hudunduliza miaka ndipo waipate. Lakini kibali kile kilikupa saa moja ya kuwatazama sokwe, basi. Ulichowapelekea kifuani hakuna aliyekuruhusu.

Sokwe wa milimani wana damu iliyo karibu mno na yetu, kwa hiyo maradhi yetu ya njia ya hewa huwashika. Mafua ambayo wewe huyamaliza kwa chai ya tangawizi yanaweza kumletea sokwe homa ya mapafu na kumuua. Nao hawajui kujitenga: hulala karibu karibu, huchambuana manyoya, mtoto hushinda mgongoni mwa mama yake. Ndiyo sababu ya barakoa, na ndiyo sababu ya ile nafasi ya mita 7, iliyoongezwa kuwa 10 baada ya korona. Wewe uliishusha barakoa mpaka kidevuni ili picha ipendeze. Yule mtoto wa sokwe alipokusogelea, ukachuchumaa kumngoja. Mwongozaji akakuvuta mkono urudi nyuma, nawe ukamkasirikia mtu aliyekuwa akitimiza kazi yake.

Mwaka 1981, sokwe wa milima yote ya Virunga, upande wa Rwanda, Uganda na Kongo, walihesabiwa wakawa 254. Hesabu iliyokamilika 2016 iliwakuta 604. Hao 350 walioongezeka wamechukua miaka 35, maana jike huzaa mara moja kwa kadiri ya miaka 4. Upande wa Kongo, walinzi zaidi ya 200 wa hifadhi ya Virunga wamepoteza maisha wakiwa kazini. Na upande wa Rwanda, wale wakulima tuliowapungia mkono wanaishi na nyati wanaoruka ukuta wa mawe wa hifadhi na kuvuruga viazi vyao. Asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa jamii za pale, na hiyo haimlipi kila aliyeamka akakuta tuta limefukuliwa. Watu hawa wote wamegharimika kuliko wewe, kaka, na hakuna hata mmoja wao aliyedai kumkaribia sokwe kwa sababu hiyo.

Kuna jambo nami sina budi kulisema. Garini nilikusikia. Mwongozaji alipouliza, nilikutazama wewe, kisha nikatazama viatu vyangu. Niliona haya kumharibia safari mtu niliyefahamiana naye usiku mmoja tu, na haya hiyo imeninyima usingizi tangu niliporudi.

Jana nilimwandikia mwongozaji wetu nikamweleza kila nilichosikia, ili familia ile ya sokwe iangaliwe kwa makini na madaktari wa wanyama wajue cha kutafuta. Jina lako sikulitaja. Namba yake unayo. Mpigie umwambie mwenyewe kikohozi kilianza siku gani.

Ni mimi, mwenzako wa safari.